Je, Wajua? Friza Nayo Huacha Alama Yake Mwilini

Yale maji mekundu si damu
Toa nyama kwenye friza, iache kwenye sahani iyeyuke, nawe utaona kidimbwi chekundu chini yake. Wengi huita damu, kumbe ni maji ya nyama yenyewe, yaliyotiwa rangi na protini iitwayo mioglobini. Maji yakiganda huvimba kwa takriban asilimia 9, na ndiyo maana chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza hupasuka. Tena yakiganda polepole hujenga chembe kubwa za barafu zinazochana seli, na zikishachanika haziwezi tena kushika maji yake. Mtafiti anayevuta kipande cha mnofu ili ajue nguvu zake huogopa sana kukigandisha na kukiyeyusha mara kwa mara, maana mwishowe atakuwa anapima kazi ya barafu, si mnofu.

Mfupa mkavu haupindiki, ila huvunjika upesi
Ajabu, mfupa ukikauka huzidi kukaza! Lakini upige, utakatika ghafla kama kijiti cha kuni, ilhali mbichi huvumilia kama tawi lililotoka mtini sasa hivi. Tofauti ni maji yanayolainisha nyuzi za kolajeni ndani yake. Basi mfupa wa kupimwa maabarani huviringishwa shashi iliyolowa maji ya chumvi, ukawekwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukitunzwa hivyo, ukakamavu wake haubadiliki sana.

Vidole vya daktari vilitoboa siri
Mwaka 1893 Ferdinand Blum, daktari wa Frankfurt, Ujerumani, alikuwa akijaribu formalini kama dawa ya kuua vijidudu, akashangaa kuona ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu. Formalini hushona protini, moja kwa nyingine. Ubongo mbichi ukiuweka mezani hulegea kwa uzito wake wenyewe. Ukikaa wiki kadhaa kwenye formalini, unaukata vipande safi kama yai la kuchemsha. Mimi hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote: dawa inayotunza umbo vizuri namna hii ndiyo hiyo hiyo inayofuta ulaini.

Gliserini ya kujipaka ilifungua mlango wa baridi
Jijini London, Christopher Polge na wenzake Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakihangaika kugandisha mbegu za jogoo bila kuziua. Chupa moja iliyodhaniwa kuwa na sukari ya matunda ikafanya maajabu. Walipoichunguza, wakakuta haina sukari hata chembe: ilikuwa na gliserini na protini, chini ya lebo isiyo yake! Matokeo waliyachapisha mwaka 1949. Gliserini, ile ile tunayopaka visigino vikipasuka, hupunguza barafu inayojengeka na kuziokoa seli. Leo mbegu za ng'ombe husafiri dunia nzima ndani ya naitrojeni kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Baridi ya haraka inaweza kuharibu kitoweo
Watafiti wa New Zealand, nchi inayouza nyama ya kondoo ng'ambo, walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba mnofu uliopoozwa upesi kabla haujakakamaa hujikunja kwa nguvu, na ukipikwa unakuwa mgumu kutafuna. Msuli wa mnyama aliyetoka kuchinjwa bado una nguvu za kujivuta, na baridi huuchokoza.

Mzee wa miaka 5,300 hunyunyiziwa maji
Ötzi, mtu wa kale ambaye maiti yake ilikutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, amelazwa katika chumba cha baridi mjini Bolzano, Italia: nyuzi 6 chini ya sifuri, unyevu wa hewa karibu asilimia 99. Hata hivyo mwili huendelea kupoteza maji. Kwa hiyo watunzaji humnyunyizia maji safi yasiyo na vijidudu, nayo huganda juu ya ngozi yake, utando mwembamba unaong'aa kama kioo.