Hadithi za Picha na Biashara ya Nakala Adimu: Hali Yake na Mustakabali Wake

Mnamo mwezi wa Aprili 2024, nakala moja ya kijitabu cha Action Comics, toleo la kwanza, iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 6. Kijitabu hicho kilipotoka mwaka 1938 bei yake ilikuwa senti 10. Kati ya bei hizo mbili ipo historia ambayo wataalamu wa lugha na fasihi ya Kiswahili wana sababu ya kuifahamu, ijapokuwa kwa mtazamo wa kwanza yaonekana kuwa ni shauri la wafanyabiashara tu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi soko la nakala adimu za hadithi za picha lilivyozuka, jinsi lilivyotetereka, na upande linakoelekea. Kisha kuitazama hali ya hadithi za picha za Kiswahili, ambazo hazina soko la namna hiyo na ambazo, kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine, zimo hatarini kutoweka.

Kwanza lipo suala la jina. Istilahi ya "hadithi za picha" inatumika hapa kwa maana ya masimulizi yanayoendelezwa kwa mfuatano wa michoro, huku maneno ya wahusika yakiandikwa ndani ya viputo. Neno "katuni" ni pana mno, kwani huhusu pia mchoro mmoja wa kejeli gazetini na hata filamu za watoto. "Kibonzo" hutumika zaidi Tanzania kuliko Kenya. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Kul Graphics ya Nairobi ilitoa mfululizo wa hadithi za jadi kwa michoro ukaitwa Pichadithi, neno lililoundwa kwa kupachanisha "picha" na "hadithi" mahali zinapokutana herufi za "ha". Ni uundaji wenye ustadi, na ni masikitiko kwamba neno hilo halikuenea sana nje ya mfululizo wenyewe.

Ama kuhusu soko, asili ya thamani ya Action Comics haimo katika uzuri wa michoro wala wa lugha. Toleo hilo ndilo lililomtoa Superman hadharani kwa mara ya kwanza. Waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za mhusika huyo kwa dola 130. Hundi ya malipo hayo ilihifadhika, na mwaka 2012 iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Yaani karatasi iliyoshuhudia ujira ilipata thamani ambayo ujira wenyewe haukuikaribia. Nakala zipatazo 200,000 zilichapwa, na inakadiriwa kuwa zilizosalia ni kama 100 tu. Nyingine zote zilikwenda wapi? Karatasi yake ilikuwa duni, ya magazeti, yenye tindikali inayoifanya igeuke manjano na kuvunjika. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili karatasi kuukuu zilikusanywa kwa ajili ya mahitaji ya vita. Baada ya vita ukaja wasiwasi wa wazazi, walimu na viongozi wa dini kwamba vijitabu hivyo vinawapotosha watoto. Huko Binghamton, katika jimbo la New York, vilichomwa moto hadharani mwaka 1948. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kuvishutumu, na mwaka huo huo wachapishaji wakajiwekea kanuni za kuchuja maandishi na michoro yao. Hivyo basi, walioviteketeza ndio waliovipandisha bei vile vilivyosalia.

Biashara yenyewe ilipata mizani mwaka 1970, Robert Overstreet alipotoa mwongozo wake wa kwanza wa bei. Kabla ya hapo bei ilikuwa ni mapatano ya watu wawili. Baada ya hapo palikuwa na kitabu cha kurejelea. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 yalianza maduka yaliyouza hadithi za picha peke yake. Maduka hayo yalinunua kwa wachapishaji kwa bei nafuu, kwa sharti kwamba nakala zisizouzwa hazirudishwi. Sharti hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililogeuza mambo, kwani mwenye duka alilazimika kuyatunza matoleo ya zamani akiwa na matumaini ya kuyauza baadaye, na duka likawa nusu soko na nusu ghala ya kumbukumbu.

Ulanguzi haukukawia. Msomaji wa Afrika Mashariki hulihusisha neno hili na sukari na unga, lakini tabia ni ile ile: kununua kwa wingi si kwa haja ya kutumia bali kwa kungojea bei ipande. Mwaka 1991 toleo la kwanza la X-Men mpya lilitoka na majalada matano tofauti, likauzwa nakala zipatazo milioni 8. Mwaka uliofuata lilitoka toleo la kifo cha Superman likiwa limefungwa ndani ya mfuko mweusi, na wanunuzi wengi hawakuthubutu kuufungua mfuko huo. Waliokuwa wakinunua walikumbuka kwamba nakala za 1938 zina thamani. Walichosahau ni kwamba thamani hiyo ilitokana na kupotea kwa nakala nyingine. Kitu kinachohifadhiwa na mamilioni ya watu hakiwezi kuadimika. Maduka mengi yalifungwa, na mnamo Desemba 1996 kampuni ya Marvel iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni.

Kwamba kampuni hiyo hiyo ilinunuliwa na Disney mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4 kwaonyesha mahali utajiri ulipohamia. Si katika kijitabu tena, bali katika wahusika wake na filamu zao. Hata bei za nakala adimu zikaanza kufuata habari za filamu: mhusika akitajwa kuwa ataigizwa, toleo lililomtoa kwanza hupanda, filamu ikishindwa, hushuka.

Jambo lililobadilisha sura ya soko zaidi ya yote kwa karne hii ni kuanzishwa, mwaka 2000, kwa kampuni ya CGC, inayokagua vijitabu, kuvipa daraja hadi 10, kisha kuvifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Faida yake kwa mnunuzi ni dhahiri, kwani aweza kununua kutoka mbali bila kuogopa kuuziwa kilichorekebishwa kwa hila. Hata hivyo imani hiyo haikukosa kutikiswa: mwishoni mwa 2023 ilidhihirika kwamba baadhi ya makasha yalikuwa yamechezewa na kutiwa nakala za hali ya chini. Lakini kasha lina hitilafu nyingine ambayo wafanyabiashara hawaitaji sana. Kilichofungwa humo hakiwezi kusomwa. Kurasa zote za ndani, maneno ya wahusika, mpangilio wa masimulizi, hata matangazo ya biashara yanayoonyesha wasomaji walikuwa nani, yote yamefichwa, limebaki jalada. Kwa mwanafunzi wa fasihi huo si uhifadhi wa matini. Ni mazishi yenye heshima.

Je, mustakabali wa soko hili ni upi? Bei zilipanda mno katika miaka ya 2020 na 2021, watu walipofungiwa majumbani na maradhi ya korona. Septemba 2021 toleo la Amazing Fantasy la 1962, lililomtoa Spider-Man, liliuzwa kwa dola milioni 3.6. Baadaye bei za nakala nyingi za kawaida zilishuka, huku zile chache za juu kabisa zikiendelea kupanda. Mfumo wa usambazaji nao umedhoofika. Kampuni ya Diamond, iliyokuwa karibu msambazaji pekee wa maduka hayo tangu miaka ya 1990, iliomba ulinzi wa mahakama Januari 2025. Wasomaji vijana wengi wamehamia hadithi za Kijapani za manga, zinazouzwa kama vitabu vya kawaida na kuchapwa tena kila zinapohitajiwa. Wengine husoma kwenye simu. Asomaye kwa simu huwa amekodi tu ruhusa ya kutazama. Hana kitu cha kumrithisha mwanawe wala cha kumuuzia jirani.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kizazi. Mkusanyaji hununua utoto wake. Vijitabu vya wachunga ng'ombe wa Marekani kama vile Roy Rogers na Hopalong Cassidy, vilivyotafutwa sana na watu waliokua katika miaka ya 1940 na 1950, vimepoteza wanunuzi kadiri watu hao wanavyofariki. Karatasi ni ile ile na uadimu ni ule ule. Kilichopungua ni idadi ya watu wanaokumbuka. Soko basi hulindwa na wasomaji kuliko linavyolindwa na makasha, na pasipo wasomaji wapya bei ya leo ni deni la kesho.

Sasa tofauti ya hali hiyo na ya Kiswahili ni kubwa. Wasomaji hawakukosekana. Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau katika Taifa Leo, alisomwa kwa miongo mingi. Chakubanga wa Christian Gregory alifahamika na wasomaji wa gazeti la Uhuru nchini Tanzania. Jarida la Sani, lililoanza Dar es Salaam katika miaka ya 1970, liliwapa wasomaji wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Jina hili la pili peke yake lastahili sentensi moja, kwani limeunganisha cheo cha kibwanyenye cha Kiingereza na neno la mitaani la mtu asiye na kazi wala mali. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilichapisha vitabu vya hadithi za picha kwa Kiswahili, kikiwemo Abunuwasi cha Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye zaidi kwa jina la Gado. Tangu 2010 Shujaaz imewafikia vijana wa Kenya kwa Sheng, ikigawiwa bure ndani ya gazeti.

Wasomaji walikuwapo, lakini nakala zilitumika hadi zikaisha. Jarida moja lilipitia mikono mingi, kisha likafungiwa maandazi au njugu. Hakuna aliyelilangua, na hakuna mwongozo wa bei uliomwambia mwenye nyumba asiwashie jiko. Kwa wauzaji wa vitabu kuukuu kando ya barabara za Nairobi, biashara ambayo wanunuzi huiita "inama" kwa kuwa mtu hana budi kuinama kuchagua, riwaya na vitabu vya shule ndivyo huzagaa. Hadithi za picha za Kiswahili za zamani ni za kubahatisha.

Mtu aweza kusema kwamba hasara hiyo ni ya wapenda michezo. Sivyo. Kuna aina za ushahidi wa lugha ambazo hupatikana kwa nadra katika riwaya na tamthilia za kipindi hicho. Tanakali za sauti ni mfano. Wanasarufi huziorodhesha, "chubwi" kwa kitu kuangukia majini, "tifu" kwa kuangukia mchangani, na kuishia hapo. Mchoraji huzitumia, akazikuza kwa herufi, akabuni nyingine pale zilizopo zisipomtosha. Usemi wa mitaani nao huandikwa katika viputo bila haya, pamoja na mikato yake ya silabi na kuchanganya kwake ndimi, wakati ambapo mhariri wa riwaya angeusanifisha. Anayetaka kujua vijana wa Dar es Salaam walivyotaniana mwaka 1982 atapata mengi katika kurasa za Sani kuliko katika kitabu cha kiada. Na kwa kuwa kila toleo lina tarehe, msamiati wake waweza kupangwa kwa miaka, jambo ambalo historia ya Sheng inalihitaji sana.

Haidhuru soko halipo. Soko si njia pekee, wala si njia bora. Mwaka 1968 Mmarekani Bill Blackbeard alianza kuyachukua magazeti ambayo maktaba zilikuwa zikiyatupa baada ya kuyapiga picha kwenye mikrofilamu. Picha hizo hazikuwa na rangi, na nyingi hazikusomeka vizuri. Aliyajaza nyumbani kwake San Francisco. Mwaka 1998 mkusanyiko huo, wenye uzito wa tani zipatazo 75, ulihamishiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, ambacho maktaba yake ya katuni ilikuwa imeanza mwaka 1977. Thamani ya fedha ya kila gazeti ilikuwa ndogo. Watafiti ndio waliofaidika, kwa kuwa mfululizo ulikuwa kamili na kurasa zilikuwa wazi.

Kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili haihitaji dola milioni 6. Inahitaji idara za lugha za vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania zikubaliane kugawana majina: nani atafute matoleo ya Taifa Leo, nani ya Uhuru, nani Sani, na nani ahifadhi faili za Shujaaz kabla mitambo inayozisoma haijabadilika. Sheria za kuwasilisha nakala kwa serikali zimesaidia kwa magazeti makubwa, lakini majarida madogo, yaliyotoka matoleo matano na kufa, yamo katika masanduku ya watu binafsi. Kila nakala inayopatikana yafaa iandikiwe tarehe, mji, mchoraji, na kama maneno ni ya mchoraji mwenyewe au ya mwandishi mwingine, maana mara nyingi ukurasa wenyewe hausemi. Haki za wachoraji nazo ziangaliwe tangu mwanzo. Huko Marekani kampuni zilizizuia kurasa za asili kwa muda mrefu, na Jack Kirby alilazimika kuzidai zake kwa Marvel hadi mwaka 1987. Baadhi ya waliochora kwa Kiswahili wangali hai, na waweza kuulizwa leo.