Ukavu Usiotokana na Vumbi

Katika kata ya Zuzu, jijini Dodoma, kiangazi huja na upepo na vumbi. Mtu akilalamika kuwa macho yanamchoma, lawama huangukia hali ya hewa, au trakoma, ugonjwa uliochunguzwa kwa miaka mingi wilayani Kongwa. Lakini mwanamke ambaye macho yake hukauka hata msimu wa mvua, na asiyeweza kumeza tonge la ugali wa uwele bila maji, huenda ana maradhi mengine.

Mwaka 1933 daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, alieleza hali za wanawake 19 wenye ukavu huo. 13 kati yao waliugua pia viungo. Leo yajulikana kuwa kinga ya mwili hugeuka na kushambulia tezi za machozi na mate. Wagonjwa walio wengi ni wanawake.

Kipimo cha awali ni rahisi: ukanda wa karatasi huwekwa ndani ya ukope wa chini kwa dakika 5. Ukilowa milimita 5 au pungufu, uchunguzi uendelee. Kuchelewa kuna gharama: meno huoza, na hatari ya saratani ya limfu huongezeka. Vumbi lisisingiziwe kabla ya kupima.