Katuni za Kutisha: Mzazi, Soma Alama Kabla ya Kulipa Tiketi

Likizo ikianza, kumbi za sinema na vibanda vya video huvuna. Watoto wako nyumbani, mabango ya rangi yamebandikwa hadi kwenye kuta za maduka, na mzazi akiona ni katuni hutoa pesa bila kuuliza zaidi. Hapo ndipo wengi hukosea. Katuni ni namna ya kutengeneza filamu tu. Haikuambii inamfaa mtoto wa umri gani.

Chukua mfano wa Coraline, filamu ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Henry Selick. Mhusika mkuu ni msichana mwenye nywele za samawati, na kwa kuliangalia bango pekee unaweza kudhani ni kitu cha kuchekesha. Msichana huyo anapita kwenye kimlango kilicho ukutani na kufika katika nyumba inayofanana na yao. Humo anampata mama mwingine, mkarimu na mpishi hodari, lakini mahali pa macho pana vifungo vya nguo. Baadaye mama huyo anataka kumshonea msichana vifungo vivyo hivyo. Mtoto wa miaka 11 atasisimka na kuwasimulia wenzake wiki nzima. Wa miaka 4 huenda akachunguza macho ya mama yake kila jioni kabla ya kukubali kulala.

Ni kwa nini tofauti hii? Mtoto mdogo huogopa kwanza kile anachokiona: sura mbaya, sauti ya ghafla, mtu anayegeuka kuwa kitu kingine. Katika miaka ya 1980, watafiti nchini Marekani akiwemo Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwaonyesha watoto sehemu ya kipindi cha The Incredible Hulk. Wadogo waliogopa zaidi pale mtu wa kawaida alipogeuka kuwa jitu, ingawa jitu lenyewe lilikuwa limekuja kuokoa. Wakubwa walielewa kwamba jitu ni mwema.

Kwa hivyo kumwambia mtoto wa chekechea "si kweli hiyo" hakumsaidii sana. Mpakate, mtoe nje, mpe maji. Kwa aliye mkubwa kidogo, maelezo hufanya kazi. Mwambie kwamba vikaragosi vya Coraline vilisogezwa kwa mkono, kidogo kidogo, vikipigwa picha kila mara, na kwamba sekunde moja ya filamu huchukua picha 24. Akishajua hivyo, zimwi humpungukia makali.

Wapo watakaosema sisi tulilelewa kwa ngano za mazimwi na hatukudhurika. Ni kweli. Lakini nyanya alikuwa akimtazama mjukuu usoni. Akiona midomo inatetemeka, zimwi lilikufa mapema usiku huo. Filamu haimwoni mtoto. Anayeweza kumwona ni mtu mzima aliyeketi kando yake, naye mara nyingi yuko kwenye simu.

Nchini Kenya, filamu inayoonyeshwa hadharani hukaguliwa na KFCB, yaani Bodi ya Uainishaji wa Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Alama ya GE inamaanisha familia yote inaweza kutazama. Alama ya 16 haimfai aliye chini ya umri huo, na 18 ni ya watu wazima pekee. Inayowachanganya wazazi ni PG. Alama hii haisemi kwamba filamu ni salama kwa kila mtoto. Inasema kuna mambo ambayo huenda yasiwafae baadhi yao, na mzazi ndiye wa kuamua na kuelekeza. Kumwachia dada wa miaka 12 wadogo zake watatu mlangoni mwa ukumbi si kuelekeza.

Usiangalie umri peke yake. Coco ya mwaka 2017 imejaa mifupa inayotembea na kuimba, na kwa watoto wengi ni burudani tupu. Kwa aliyefiwa na babu yake hivi majuzi, hadithi hiyo ya marehemu na wanaowakumbuka inaweza kuibua maswali mazito. Itazame wewe kwanza, au soma muhtasari wake.

Kaunti nayo ina wajibu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti majukumu yanayohusu sinema, maonyesho ya video na ukodishaji wake. Mwenye kibanda ajue kwamba kibali cha biashara hakimruhusu kuonyesha filamu yoyote kwa yeyote, wala kumwongezea DJ wa kutafsiri hakubadilishi alama yake. Kwenye runinga, vituo hutakiwa kuonyesha vipindi vinavyofaa familia kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku.

Ukiona watoto wameingizwa kwenye filamu ya 16 au 18, andika jina la kibanda, mahali kilipo, siku na saa, kisha upeleke habari hizo kwa ofisi ya msimamizi wa wadi yako au kwa KFCB.