Usilipie risiva ya ‘kusafisha picha’ kabla hujaiangalia TV yako vizuri

HEBU tuongee pesa. Umepiga hasla miezi sita, umeweka elfu thelathini kando, na sasa macho yote yako kwenye lile sanduku jeusi dirishani pale Luthuli Avenue. Juu yake kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: 4K. Muuzaji anakuapia kwamba hiyo si amplifaya ya kawaida. Ni risiva ya homu thieta inayochukua picha mbovu na kuigeuza kuwa 4K. Moyo unadunda. Umeshatoa simu, unaanza kubonyeza PIN.

Ngoja kwanza, msee. Mimi nilibonyeza.

Karo iliponishinda nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilirudi mtaani. Mimi na binamu yangu tukafungua kibanda cha PlayStation huku Kayole: TV moja ya 4K, PS4 moja, viti vya plastiki na vijana wa kila jioni. Shilingi ishirini kwa mechi. Tulikuwa tunaweka akiba ya kununua PS ya pili. Ilipofika elfu 32, nikamshawishi binamu kwamba tuanze na risiva. Nilimwambia picha ikinoga na saundi ikitikisa mabati, wateja watakuja wenyewe. Alinitazama tu, kisha akasema, “Sawa, wewe ndiye umesomea mambo ya stima.”

Nilisomea, lakini sikumaliza. Na jioni ile ilionekana wazi.

Tuanze na kile ambacho muuzaji hakuambii. Kazi kubwa ya risiva ni sauti. Inapokea waya kutoka kwa dikoda, PS au deki ya DVD, inagawa sauti kwenye spika zako tano na wufa, halafu inapitisha picha hadi kwenye TV. Ile risiva ya bei ya juu inaongeza kitu kimoja: kabla ya kupitisha picha, inaikuza na kuilainisha. Hapo ndipo pesa yako ya ziada inaenda.

Sasa fanya hesabu. Picha ya DVD za huku kwetu ina nukta 720 kwa 576, yaani kama laki nne na elfu kumi na nne. Skrini ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, karibu milioni 8.3. Hiyo ni mara ishirini. Hizo nukta zingine zatoka wapi? Zinakisiwa. Mashine inatazama nukta mbili zilizo jirani, inabuni zile zinazofaa kukaa katikati.

Lakini jiulize: TV yako ya 4K imekuwa ikionyeshaje taarifa ya habari kutoka kwa dikoda miaka yote hii bila risiva? Imekuwa ikikisia yenyewe. Skrini ina idadi moja tu ya nukta, haiongezeki wala haipungui, kwa hivyo kila picha ndogo inayoingia lazima ikuzwe ijae kioo. La sivyo, DVD ingeonekana kama stempu katikati ya skrini. Kazi unayotaka kulipia tayari uliilipia uliponunua TV.

Na hakuna mashine inayorudisha kile ambacho hakikuwepo. Ukishakamua nazi hadi tui la mwisho, machicha ni machicha, hata ukinunua kifumbu cha dhahabu. Mechi iliyorekodiwa kwa simu mbovu itabaki mechi ya simu mbovu.

Kwa nini basi watu walizitengeneza? Zilikuwa na maana wakati wake. Kwenye miaka ya 2000, TV na projekta nyingi zilikuwa dhaifu katika kukuza picha, na kila kifaa sebuleni kilikuja na waya wake: wa manjano wa deki ya VHS, zile tatu za rangi za DVD, na HDMI ndiyo kwanza imeingia. Risiva ilizikusanya zote na kutoa waya mmoja wa HDMI kwenda kwenye TV. Lakini Kenya tulizima matangazo ya analogi mwaka 2015, PS inatumia HDMI, na dikoda nyingi pia. Zile waya za rangi zimebaki kwenye droo ya mama.

Turudi kibandani. Jioni ya kwanza saundi ilikuwa noma, sikatai. Majirani walichungulia. Kisha kijana mmoja, mteja wetu wa kila siku, akapiga shuti mbele ya goli tupu na kukosa. Akajaribu tena. Akaweka pedi chini, akasema, “Buda, hii kitu inachelewa. Nabonyeza, inafikiria kwanza.”

Alikuwa sawa. Ili kulainisha picha, risiva hushikilia fremu kadhaa, inazilinganisha, ndipo inaziachilia. Gemu ikikimbia kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ni kama milisekunde 17. Shikilia tatu, umepoteza milisekunde 50, na TV nayo haijaongeza zake. Ukitazama sinema hutajua, maana risiva inaweza kuchelewesha sauti ilingane na picha. Lakini kidole chako kwenye pedi hakiwezi kucheleweshwa. Kidole kinajua.

Wiki ile wateja walihamia kibanda cha pili, ambacho kilikuwa na TV ndogo na spika za redio. Binamu hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Siku ya nane nilizama kwenye menyu ya risiva, nikapata sehemu ya kukuza picha, nikaizima. Gemu ikarudi fiti papo hapo. Yaani kitu tulichokilipia zaidi ndicho tulichokizima.

Je, kuna mtu anayefaa kuinunua? Yuko. Mama alinipa kanda ya VHS ya harusi yake, na deki yetu ya zamani ina tundu la manjano tu. Picha za aina hiyo hutumwa kwa mistari ya zamu mbili, na mashine isiyojua kuziunganisha huacha meno kama ya kitana kwenye kila kitu kinachosonga. Kupitia risiva, shela ya mama ilitulia, haikuwa na meno hata kidogo. Kama una makanda mengi ya familia au kamera ya zamani, au projekta ya bei nafuu inayokuza picha vibaya, fikiria. Hata hivyo, chungulia kwanza nyuma ya TV yako. Nyingi bado zina tundu la AV.

Ukiamua kwenda dukani, fanya hivi.

Beba kifaa unachotumia kila siku, dikoda au PS. Kichomeke moja kwa moja kwenye TV ya dukani, tazama dakika tano. Kisha kipitishe kwenye risiva, tazama dakika tano zingine, picha ile ile. Usipoona tofauti kwa macho yako, usiilipie. Muuzaji akikataa kukuwashia, ondoka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Uliza toleo la HDMI. La 1.4, la mwaka 2009, linapitisha 4K kwa fremu 30 pekee kwa sekunde. La 2.0 linafika 60, na la 2.1 linafika 120, kiwango cha juu ambacho PS5 inaweza kutoa. Uliza pia kama ina ulinzi wa HDCP 2.2. Bila huo, sinema za mtandaoni za 4K zinaweza kushushwa ubora au skrini ikabaki nyeusi. Kibandiko cha 4K peke yake hakikuambii haya.

Tafuta neno ARC kwenye tundu la HDMI la TV na la risiva. Yote mawili yakiwa nalo, chomeka PS kwenye TV moja kwa moja, halafu TV irudishe sauti kwa risiva kupitia waya huo mmoja. Picha haichelewi, saundi unayo, na risiva isiyokuza picha inakutosha kabisa.

Mwisho, geuza risiva usome kibandiko cha stima. Zile za kutoka Uingereza huandikwa volti 230, na hizo ni sawa kwetu. Ya Japani ni 100 na ya Marekani ni 120. Ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha stima, utanusa harufu ya akiba yako ikiungua.

PS ya pili tuliipata miezi saba baadaye, shilingi ishirini kwa ishirini. Wateja walirudi polepole, si wote. Risiva ingali pale kibandani, inafanya kazi ya sauti tu, na inaifanya vizuri. Ingekuwa ile ya bei ya chini ingefanya vilevile, na tungebaki na doo ya kuongezea PS.

Binamu amenisamehe. Ila siku hizi nikitoa wazo lolote la biashara, huniuliza kwanza, “Hiyo nayo ina 4K?”