Paka, Bustani na Jirani: Kulinda Mboga Bila Kutumia Sumu

[Muziki wa kufungua, kisha unafifia]

Kama uko Nakivale, Kyaka, Rwamwanja au Kyangwali, karibu. Vuta kiti, na kama hakuna kiti, jerikeni ni kiti pia.

Leo sisemi nawe kutoka kambini. Nimekuja Kampala, mtaa wa Nsambya, kumwona dada yangu. Dada ana chumba kimoja cha kupanga, na nyuma ya ukuta ana kipande cha udongo chenye upana wa magodoro mawili. Hapo amepanda lengalenga, ambayo wenyeji huiita dodo, pamoja na sukuma wiki na nakati kidogo. Unajua mambo ya mjini: mkimbizi wa Kampala hapewi shamba wala posho ya chakula kama baadhi yetu wa kambini. Kila fungu la mboga analochuma nyuma ya nyumba ni shilingi zilizobaki mfukoni.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta amesimama bustanini, mkono kiunoni. Miche ya juzi imefukuliwa, mizizi iko juu, na harufu usiulize. Paka alikuwa amepita. Jirani akachungulia akasema, "Weka dawa ya panya ndani ya dagaa. Kesho hutamwona tena."

Dada akanitazama. Paka ni wa mama mwenye nyumba. Na dada ana mimba ya miezi mitano. Akaniuliza polepole, "Nikimuua paka wa watu, nitalala wapi? Na nikimwacha, mtoto wangu atakula nini?"

Msikilizaji, kambini pia tuna maswali kama haya. Kwa hiyo leo tutajifunza mambo matatu: kwa nini paka huchagua bustani yako, hatari iko wapi hasa, na ufanye nini ili mboga zipone, paka apone, na ujirani upone.

[Muziki mfupi]

Kwanza, kwa nini bustani? Paka ni mnyama anayeficha kinyesi chake. Anatafuta udongo mlaini, mkavu, uliolimwa vizuri, mahali anapoweza kuchimba, kugeuka na kufukia. Sasa fikiria tuta lako siku uliyopanda mbegu: umelima, umepondaponda mabonge, umelainisha. Umemtengenezea paka choo kizuri kuliko vyote mtaani! Hana nia mbaya na wewe. Akishajisaidia mahali, harufu inamkumbusha kurudi hapo. Ndiyo maana ukimfukuza kwa mawe leo, usiku atarudi.

Utaona taabu hii inazidi wakati wa jua, kama Januari au Julai hapa Kampala, kwa sababu udongo ni mkavu. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, paka hapendi tope. Lakini tuta jipya liko hatarini wakati wowote.

Pili, hatari. Katika kinyesi cha paka kunaweza kuwa na mayai ya minyoo, na watoto wanaochezea udongo huyapeleka mdomoni kwa vidole. Kuna pia kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachoitwa toksoplazma. Kijidudu hiki kinaishi katika nchi nyingi za dunia, na Kampala kipo. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kuku wa kienyeji wa hapa Kampala, na walikikuta ndani ya kuku hao. Kuku anadonoa chini siku nzima, kwa hiyo kilichomo katika kuku kinatuonyesha kilichomo katika udongo.

Usiogope kupita kiasi. Watu wengi wakiambukizwa hawasikii chochote, au wanapata homa ndogo na tezi za shingo kuvimba, kisha inapita. Wanaopaswa kujilinda zaidi ni wawili. Wa kwanza ni mama mjamzito: akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kijidudu kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumharibu macho au ubongo, au mimba ikatoka. Wa pili ni mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka, kwa mfano anayeishi na virusi vya ukimwi na hajaanza dawa au ameziacha. Kwake kijidudu kinaweza kushambulia ubongo. Wewe mama, ukienda kliniki ya wajawazito, mwambie muuguzi kwamba unalima au unaishi na paka. Na wewe unayemeza dawa za kila siku, usiziache.

Sasa sikia jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kinyesi kikiwa kipya, kijidudu hiki bado hakijawa tayari kuambukiza. Kinahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Lakini kikishakomaa katika udongo wenye unyevu, kinaweza kukaa humo zaidi ya mwaka mmoja. Umeelewa maana yake? Kinyesi kilichoondolewa leo asubuhi hakina hatari kubwa. Kilichoachwa mpaka wiki ijayo ni taabu ya muda mrefu.

[Muziki mfupi]

Tatu, tufanye nini? Haya ndiyo tuliyoyafanya kwa dada, na hayakutugharimu karibu chochote.

Hatua ya kwanza: ondoa kinyesi kila asubuhi. Tumia koleo au kipande cha bati, si mikono mitupu. Kitupe katika choo cha shimo, au kifukie katika shimo lenye kina cha kutoka vidole hadi kiwiko, mbali na mboga na mbali na maji. Usikichanganye na mbolea ya bustani. Halafu nawa kwa sabuni. Kazi hii si ya mama mjamzito wala ya mtoto. Kwa dada, shemeji ndiye aliyeipokea. Alinung'unika siku mbili, akazoea.

Hatua ya pili: funika udongo. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Paka asipopata mahali pa kuchimba na kugeuka, anaondoka. Chomeka vijiti katika tuta lote, kimoja na kingine viachane upana wa kiganja. Au laza matawi yenye miiba kati ya mistari ya mboga, kama ya mlimao au bogenvila. Yaweke ndani ya tuta, si njiani ambako watoto wanapita miguu mitupu. Kama una mawe, yapange kuzunguka shina la kila sukuma. Sisi tulipata magunia ya wavu, yale mekundu ya vitunguu. Tuliyapasua, tukayatandaza juu ya mbegu, tukayabana kwa vijiti. Lengalenga ikachipua kupitia matundu. Ila tafadhali, usichukue chandarua cha kulalia. Chandarua ni cha kukinga mbu wa malaria.

Hatua ya tatu: mwagilia jioni, kwa sababu paka hutembea usiku na hapendi udongo uliolowa. Maji ya mjini yananunuliwa kwa jerikeni, najua, na kambini tunapanga foleni. Tumia maji uliyooshea mchele au maharagwe.

Hatua ya nne: mpe paka choo chake. Unacheka? Sisi pia tulicheka. Chagua kona kavu, mbali na mboga na mbali na watoto wanapocheza. Mimina mchanga au udongo mlaini, kisha weka hapo kinyesi kidogo alichoacha bustanini, ili harufu imwite. Kona hiyo nayo isafishwe kila siku.

Hatua ya tano ni kwa asiye na ardhi: panda ndani ya gunia. Watu wengi wa Kampala wanafanya hivi. Jaza gunia udongo wenye mbolea, weka nguzo ya mawe madogo katikati ili maji yashuke, toboa matundu pembeni na upande miche humo. Paka hawezi kuchimba ubavu wa gunia. Lakini funika juu kwa mawe, maana kule juu anaweza kuruka.

Na sasa, usifanye nini? Usiweke sumu. Dagaa lenye dawa ya panya halichagui mlaji. Mtoto wa miaka miwili analiokota, kuku wa jirani analidonoa. Na paka wote wakiisha, panya wanakuja kula mahindi yako na mbegu zako. Tena nafasi ya paka aliyekufa huchukuliwa na paka mwingine, na udongo wako bado ni mlaini. Usimwage mafuta ya taa wala oili chafu ya gari, utaharibu udongo unaokulisha. Unga wa pilipili nao unaondoka na mvua ya kwanza, na unaweza kuishia machoni mwa mtoto.

Jikoni je? Mboga iliyoguswa na kinyesi, itupe. Nyingine zioshe vizuri kwa maji safi yanayomiminika, kisha zipike mpaka ziive. Moto unakiua kijidudu hiki. Vidonge vya klorini tunavyotia katika maji ya kunywa havikiui, kwa hiyo usivitegemee hapa. Anayependa kachumbari, aoshe na kumenya. Nyama pia, pamoja na kuku wa kienyeji, iive mpaka ndani.

[Muziki mfupi]

Imebaki hatua ngumu: kuzungumza. Dada aliogopa. Mkimbizi anayepanga huona kila lalamiko linaweza kumtoa nyumbani. Akaenda asubuhi na fungu la nakati mkononi, akasalimia Kiganda, "Wasuze otya nnyabo." Hakusema, "Paka wako ananiharibia." Alisema, "Mama, paka wako anatusaidia na panya. Naomba ruhusa tumtengenezee mahali pake." Mama mwenye nyumba akacheka, akatuonyesha kona karibu na choo, na akatupa mchanga uliobaki alipojenga.

Je, paka aliacha kabisa? Nisikudanganye. Katika wiki mbili alirudi mara moja, akachimba pale pale tulipokuwa tumesahau kuweka vijiti. Tuliziba. Jirani wa dagaa naye alikuja kuomba gunia la vitunguu kwa ajili ya tuta lake.

Kabla hatujaagana, zungumzeni maswali haya katika kikundi chenu. Je, katika safu yenu ya nyumba, nani anaondoa kinyesi cha wanyama, na je, ni mtu anayefaa? Ni kitu gani mlicho nacho tayari kinachoweza kufunika udongo? Na kama mnyama wa jirani anakuharibia, utaanza mazungumzo kwa maneno gani?

Leo jioni, kabla ya kulala, zunguka bustani yako. Ukiona udongo mtupu, ufunike. Mimi narudi kambini kesho na magunia sita ya vitunguu chini ya kiti cha basi. Tukutane wiki ijayo. Kwaheri, na mboga zako zistawi.

[Muziki wa kufunga]