Divai ya Boksi: Adui Yake ni Hewa



Siku moja nilifika katika kijiji kimoja hapa mkoani Dodoma. Nilikwenda kukitembelea kikundi cha wakulima wa zabibu. Nilitazamia kukuta watu wana furaha, kwa maana mavuno yalikuwa mazuri. Lakini niliwakuta wamekaa kimya chini ya mti. Mbele yao palikuwa na pipa moja la lita 200.

"Bwana shamba, hebu onja," mwenyekiti aliniambia.

Nilionja, nikatema. Divai yote ilikuwa imechacha. Imekuwa siki.

Wakulima wale walikosa mnunuzi wa zabibu zao mbichi. Zabibu haingoji. Ikikaa siku chache inaoza. Basi wakazikamua, wakapata mchuzi wa zabibu, wakaungoja mpaka ukawa divai. Ilikuwa divai nzuri. Wakaamua kuiuza kidogo kidogo. Kila mnunuzi alipokuja, waliondoa mfuniko, wakachota, wakafunika tena. Baada ya majuma machache pipa lilibaki nusu. Nusu hiyo ndiyo iliyoharibika. Madaftari na sare za watoto zilikuwa ndani ya pipa lile. Deni la dawa za shambani pia lilikuwa humo.

Ndipo mama mmoja akauliza:

"Bwana shamba, nilikwenda harusini mjini. Niliona divai ya boksi. Mwenye nyumba alisema aliifungua majuma mawili yaliyopita, na bado ilikuwa nzuri. Mbona ile haichachi, na yetu imechacha?"

Lilikuwa swali zuri. Juma lililofuata nilirudi na boksi tupu la divai. Nikalipasua mbele yao. Leo nataka tulipasue pamoja na ninyi wasomaji.

NDANI YA BOKSI MNA NINI?

Boksi lenyewe ni karatasi ngumu tu. Halishiki divai. Ndani yake mna mfuko wa plastiki wenye tabaka zaidi ya moja. Divai imo ndani ya mfuko huo. Mfuko una koki ndogo inayotokea nje ya boksi. Ukibonyeza koki, divai hutoka.

Sasa angalia jambo hili. Ukimimina divai kutoka kwenye chupa, hewa huingia kuchukua nafasi yake. Lakini ukimimina kutoka kwenye mfuko, mfuko hunywea. Hujikunja kama tumbo la mtu mwenye njaa. Hewa haipati nafasi ya kuingia. Divai iliyobaki haigusani na hewa.

Hiyo ndiyo siri yote ya divai ya boksi.

KWA NINI DIVAI HUCHACHA?

Kuna vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vikipata hewa, hugeuza kileo cha divai kuwa siki. Katika miaka ya 1860, mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Louis Pasteur alichunguza divai zilizoharibika. Alionyesha kwamba vijidudu ndivyo vinavyoiharibu. Hewa yenyewe pia hupoteza harufu na ladha ya divai, hata kabla haijawa siki.

Pipa la kikundi lilikuwa nusu divai, nusu hewa. Tena hewa ile ilibadilishwa kila mfuniko ulipoondolewa. Vijidudu vilikaribishwa mezani!

BOKSI LILIANZA WAPI?

Mwaka 1965, mtengenezaji divai wa Australia, Thomas Angove, alianza kuuza divai katika mfuko wa plastiki ndani ya boksi. Mfuko wa kwanza ulichukua galoni moja, yaani karibu lita 4 na nusu. Haukuwa na koki. Mnunuzi alikata pembe ya mfuko, akamimina, kisha akaifunga kwa kibanio. Mwaka 1967 koki ilitengenezwa, kazi ikawa rahisi. Siku hizi divai ya namna hii huuzwa katika nchi nyingi.

INAKAA MUDA GANI?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Husikia kwamba divai ya boksi haiharibiki. Si kweli.

Boksi ambalo halijafunguliwa halifai kuwekwa miaka. Plastiki si kama kioo. Hewa hupenya ndani yake polepole sana, bila wewe kuona. Kwa kawaida divai ya boksi huwa nzuri kwa miezi sita hadi mwaka mmoja tangu ijazwe. Baada ya hapo ladha yake hushuka.

Boksi lililofunguliwa hukaa majuma manne hadi sita, kama limewekwa mahali pa baridi. Chupa iliyofunguliwa hukaa siku tatu hadi tano tu. Unaona tofauti yake ni kubwa.

Lakini joto ni rafiki wa hewa. Plastiki ikipata joto, hewa hupenya kwa haraka zaidi. Divai yenyewe nayo huharibika upesi. Boksi lililoanikwa juani mbele ya duka, au kuwekwa chini ya bati la moto, linazeeka kabla ya siku zake. Kama huna friji, weka boksi mahali penye kivuli na ubaridi. Tena usitegemee majuma sita. Imalize mapema.

Jihadhari na jambo jingine. Kuna boksi dogo la lita moja lisilo na mfuko wala koki. Hilo hukatwa au hufunguliwa kizibo, kama boksi la maziwa. Hewa huingia ndani yake kama inavyoingia kwenye chupa. Ukilifungua, limalize kwa siku chache.

JE, NI DIVAI NZURI AU DUNI?

Wengine husema divai ya boksi ni duni. Wengine huisifu. Jibu ni hili: boksi halifanyi divai kuwa nzuri wala mbaya. Ukiweka maziwa mabovu katika kibuyu kizuri, ni mabovu vilevile. Ukitia divai nzuri katika mfuko, hutoka nzuri.

Ni kweli kwamba watengenezaji wengi hutia divai ya bei ndogo katika maboksi. Ndiyo maana boksi lilipata sifa mbaya. Zipo divai chache ambazo huzidi kuwa nzuri zikikaa miaka mingi. Hizo huwekwa kwenye chupa. Lakini divai nyingi duniani hutengenezwa zinywewe zikiwa changa. Kwa hizo, boksi linafaa.

JE, BEI YAKE NI NAFUU KWELI?

Tufanye hesabu. Chupa ya kawaida ina mililita 750. Boksi la lita 3 ni sawa na chupa 4. Boksi la lita 5 ni chupa 6 na zaidi ya nusu chupa.

Tuseme chupa moja ni shilingi 12,000, na boksi la lita 3 la divai ya namna hiyo hiyo ni shilingi 36,000. Chupa 4 ni shilingi 48,000. Ukinunua boksi umeokoa shilingi 12,000. Sababu ni kwamba kioo ni kizito, huvunjika, na kukisafirisha ni gharama. Boksi ni jepesi.

Lakini ngoja. Tuseme nyumbani kwako mnakunywa nusu chupa tu kwa juma. Lita 3 zitachukua majuma 8. Divai itaharibika kabla hamjaimaliza. Mtamwaga robo yake, na ile faida imemwagika nayo. Kwenu boksi si nafuu kuliko chupa. Kwa harusi au sherehe, boksi ni nafuu. Rahisi hugeuka kuwa ghali pale inapomwagwa.

UNAPONUNUA

Kwanza, soma tarehe. Sasa unajua kusoma, usikubali kusomewa. Tafuta tarehe ya kujazwa au tarehe ya mwisho wa kutumiwa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua boksi kwa ajili ya sherehe ya mwanangu bila kutazama tarehe. Muda wake ulikuwa umepita. Nilipata aibu mbele ya wakwe.

Pili, tazama kama boksi limelowa au koki inavuja. Panapotoka divai, hewa huingia.

Tatu, uliza liliwekwa wapi. Kama lilikuwa juani, liache.

Nne, tafuta alama ya ubora ya TBS.

KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Wakulima wale hawakuwa na mashine ya kujaza mifuko. Lakini walikwisha kujua siri. Msimu uliofuata, divai ilipokwisha kuchemka na povu kukoma kabisa, waliihamisha. Waliitia katika madumu safi ya lita 20, yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Kila dumu lilijazwa mpaka shingoni, likafungwa sana, likawekwa ndani ya nyumba yenye ubaridi. Waliuza dumu moja mpaka likaisha, ndipo wakafungua jingine.

Angalieni sana: usifunge divai inayochemka bado. Inatoa gesi, na dumu laweza kupasuka. Wala usitumie dumu lililokuwa na dawa ya shamba, hata ukilisafisha mara kumi. Wala usijaze tena mfuko wa boksi uliokwisha kutumika. Huwezi kuusafisha vizuri ndani. Na kabla ya kuuza divai kwa watu, kikundi kionane na maofisa wa serikali kipate vibali.

Msimu ule hakuna hata dumu moja lililochacha. Na ile siki ya mwaka uliotangulia? Akina mama hawakuimwaga yote. Sehemu yake waliitumia kutengeneza achari ya maembe.

Neno la mwisho. Boksi lina koki, na koki hufunguka kwa urahisi. Mtu haoni amekunywa kiasi gani, kwa kuwa mfuko umefichwa. Pima kwa glasi. Watoto na mama wajawazito wasinywe kabisa. Pesa ya boksi isitangulie pesa ya chakula.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini divai ya kwenye pipa ilichacha, na ya kwenye boksi haikuchacha?

2. Boksi la lita 3 ni sawa na chupa ngapi?

3. Katika nyumba yenu, kipi kina faida zaidi: chupa au boksi? Fanyeni hesabu.

4. Ni vitu gani vingine kijijini huharibiwa na hewa na joto? Mnavihifadhi namna gani?