Si kila ‘dawa’ ya nywele ni dawa: Tuyapime maneno ya saluni

Kati ya ‘kunyoosha nywele’, ‘kulainisha nywele’, ‘kuchoma nywele’ na ‘kutia nywele dawa’, ni usemi upi ulio sahihi? Swali hili nimeulizwa na wasomaji wa safu hii zaidi ya mara moja. Jibu fupi ni kwamba semi zote nne ni sahihi kisarufi. Jibu refu, ambalo ndilo nitakalolishughulikia leo, ni kwamba semi hizi hazina maana moja. Zinataja mambo tofauti yanayotendewa unywele, na anayezichanganya mdomoni huenda akalipia kosa hilo kichwani, tena pale pale nywele zinapoota.

Nianze na sarufi kwa ufupi. Nomino ‘unywele’ imo katika ngeli ya U-ZI: unywele huu, nywele hizi. Katika saluni zetu aghalabu utasikia, “Hii nywele yako ni ngumu, nikuwekee dawa?” Kiswahili sanifu kingedai, “Nywele zako hizi ni ngumu.” Lakini ukinisikiliza kwa makini utaona kwamba kosa la ngeli ndilo dogo kuliko yote katika sentensi hiyo. Maneno mawili yanayostahili kutushughulisha ni ‘ngumu’ na ‘dawa’.

Ili tuyapime maneno haya, hatuna budi kujua kitu chenyewe. Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini. Nyuzi za protini hiyo hushikanishwa na vifungo vya aina mbili kuu. Vya kwanza ni vifungo dhaifu vya haidrojeni. Hivi huachia unywele unapolowa na hujifunga tena unapokauka. Vya pili ni vifungo imara vya salfa. Hivi havijali maji. Huvunjwa na kemikali kali. Fauka ya hayo, unywele hujikunja tangu ndani ya ngozi, kwa kufuata umbo la kitundu unamoota. Kwa hiyo hakuna saluni duniani inayoweza kubadilisha nywele zitakazoota mwezi ujao. Zinazobadilishwa ni zile zilizokwisha kutoka nje.

Hapo ndipo tofauti ya kwanza ya msamiati inapozaliwa. ‘Kuchoma nywele’ ni kuzinyoosha kwa joto. Sisi tulio katika miaka ya sitini tunalikumbuka chanuo la chuma likiwekwa juu ya jiko la makaa, likapanguswa kwa kitambaa, kisha likapitishwa kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Harufu yake ilifika hadi kwa jirani. Siku hizi jiko limeipisha pasi ya umeme, nalo chanuo hilo limepata mwenzake ambaye vinywa vyetu vimemwita ‘blodrai’. Vifaa vimebadilika, ila kanuni ni ile ile: joto hukausha unywele ukiwa umevutwa, navyo vile vifungo dhaifu hujifunga upya katika hali ya kunyooka. Unyevu ukirudi, nywele nazo hurudi zilivyokuwa. Ndiyo maana aliyechomwa nywele Nairobi asubuhi akateremka Mombasa kwa treni, hewa ya bahari humrejeshea mikunjo yake kabla hata hajaoga.

Naona ‘kuchoma’ ni kitenzi chenye ukweli mwingi kuliko vyote vinavyotumika saluni. Hakimfichi mtu kitu. Pasi za nywele nyingi hufikia nyuzi joto 180 hadi 230, ilhali maji huchemka kwenye nyuzi 100. Pasi ikipitishwa kwenye unywele ambao bado ni mbichi, maji yaliyomo ndani huchemka humo humo na kuutoboa. Hata nywele kavu zikichomwa mara kwa mara, hufika siku zikagoma kurudi kujikunja. Huko si kunyooka. Huko ni kuungua.

Sasa tuje kwa ‘dawa’. Watu wengi hudhani neno hili humaanisha kitu kinachoponya. Lakini tazama matumizi yake: dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya. Panya hatibiwi! Katika Kiswahili, dawa ni kitu chochote chenye nguvu ya kutenda jambo fulani, liwe jema au baya. Kwa mantiki hiyo, msusi anayesema ‘dawa ya nywele’ hajakosea hata kidogo. Tatizo ni kwamba mteja anayelisikia neno hilo huwaza dawa ya homa, wakati kilicho ndani ya kopo kiko karibu zaidi na dawa ya kuzibua mabomba.

Sitii chumvi. Krimu kongwe zaidi za kunyoosha nywele hutumia sodiamu haidroksaidi, ambayo watengenezaji wa sabuni huijua kwa jina la kostiki soda. Kwenye kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7, krimu hizi huwa kati ya 12 na 14, na kila hatua moja katika kipimo hicho ni ongezeko la mara 10. Asili ya matumizi haya ni Marekani. Garrett Morgan, mvumbuzi Mwafrika-Mmarekani, aliuza krimu ya kunyoosha nywele mapema katika karne ya 20. Malcolm X, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1965, anaeleza jinsi nywele zake zilivyonyooshwa mara ya kwanza kwa mchanganyiko wa kemikali hiyo, viazi na mayai, na jinsi kichwa kilivyomwaka moto. Mwaka 1954 George Johnson alianzisha kampuni ya Johnson Products jijini Chicago, na kampuni kama hizo ndizo zilizoitoa shughuli hii jikoni kwa watu na kuitia katika makopo ya dukani. Makopo yalipovuka bahari, yalikuja na maneno yake: rilaksa, ritachi, kalikiti.

Neno ‘kalikiti’ lilitamba sana miaka ya 1980, kwa wanaume na wanawake. Lilitokana na jina la kisanduku chenye vifaa vyote vya kutengeneza mawimbi laini, yanayong’aa na kuchafua kola za mashati kwa mafuta. Wengi tuliita kalikiti ‘dawa’ na rilaksa pia ‘dawa’. Lo, kumbe hizi mbili ni maadui! Kalikiti ilitegemea kemikali za jamii ya thioglikoleti, ambazo hufungua vifungo vya salfa kisha huvifunga upya kwa kemikali nyingine. Rilaksa yenye haidroksaidi haifungui ili ifunge tena. Huondoa salfa moja katika kifungo na kukiacha kikiwa kifungo cha aina nyingine, kisichorudi kilivyokuwa. Unywele uliopitia mojawapo ya njia hizi ukitiwa ile nyingine, hukatika. Mteja anayehamia saluni mpya akaulizwa, “Uliwekwa nini?” akajibu, “Niliwekwa tu dawa,” amejibu kwa Kiswahili fasaha, lakini hajamsaidia msusi hata chembe. Neno moja limefunika vitu viwili visivyopatana, na nywele ndizo zinazolipa gharama ya ufukara huo wa msamiati.

Mfano wa pili ni ‘ritachi’. Katika Kiingereza neno hili hubeba wazo la kurudia mahali padogo panapohitaji marekebisho. Unywele hukua kwa takriban sentimita moja kwa mwezi. Baada ya wiki nane hivi, karibu na ngozi huwa pameota nywele mpya zilizojikunja, na hizo tu ndizo zinazopaswa kupakwa kemikali. Lakini neno lilipoingia katika vinywa vyetu, lilipoteza udogo wake. Kwa wengi, “naenda kuritachi” ni kwenda kupakwa kichwa kizima, kutoka shinani hadi nchani. Matokeo yake ni kwamba ncha zilizokwisha kunyooshwa hupigwa kemikali mara ya pili, ya tatu na ya nne, mpaka zinakuwa kama nyuzi za katani kuukuu. Ningependekeza tuseme ‘kugusia maoteo’, yaani nywele zilizoota upya. Usemi huo unajieleza wenyewe na unamlinda anayeutumia.

Mfano wa tatu umo kwenye makopo yenye maandishi yanayodai kwamba hayana ile kemikali kali ya kostiki. Wanunuzi huyasoma kama ahadi ya upole. Ni kweli kwamba hayana kostiki soda. Lakini mengi yana kalsiamu haidroksaidi, ambayo mkazi yeyote wa Lamu anaijua: ni chokaa, ndugu ya ile itiwayo kwenye tambuu. Huchanganywa na maji ya kopo la pili, guanidini kabonati, na mchanganyiko huo huzaa haidroksaidi nyingine. Huwasha ngozi kidogo kuliko kostiki soda, lakini pH yake bado ni kali, na huacha chembe za chokaa zinazoukausha unywele. Kukosekana kwa jina moja la hatari si kukosekana kwa hatari.

Mfano wa nne ni mpya zaidi. Wateja wa saluni za Nairobi siku hizi huomba ‘keratini’ au ‘braziliani’. Nimekwisha kusema kwamba keratini ndiyo protini ya unywele, kwa hiyo jina hilo humfanya mteja adhani analisha nywele zake. Tatizo ni kwamba nyingi ya bidhaa hizi hushikilia unyoofu kwa fomaldehidi au kemikali zinazoitoa zinapopashwa joto. Fomaldehidi iliyoyeyushwa majini ndiyo formalini, ile ile inayohifadhi maiti mochari. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2011 idara ya usalama kazini ya Marekani ilionya kwamba baadhi ya bidhaa zilizoandikwa kuwa hazina fomaldehidi zilipatikana kuwa nayo. Mteja huipumua mara chache kwa mwaka. Msusi huipumua kila siku ya kazi, mara nyingi katika chumba chenye dirisha moja.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kumtisha mtu. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwezi Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11, ulionyesha kwamba waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale wasiozitumia. Watafiti walikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 70, asilimia 1.64 ya wasiozitumia wangeugua, ikilinganishwa na asilimia 4.05 ya watumiaji wa mara kwa mara. Uhusiano wa takwimu si uthibitisho wa chanzo, na saratani hiyo bado ni nadra. Hata hivyo, ni sababu tosha ya kutaka kujua kilichomo ndani ya ‘dawa’.

Nimeliacha mwisho neno ‘kunyoosha’ kwa makusudi. Kitenzi hiki kina uzito wa kimaadili. Mtu mnyoofu ni mtu mwadilifu. Kumnyoosha mtoto ni kumtia adabu. Kunyoosha mambo ni kuyaweka sawa. Kwa hiyo tunaposema nywele zinahitaji kunyooshwa, lugha yenyewe hunong’ona kwamba zilivyoota zilikuwa na kasoro. Ukiongezea ‘nywele ngumu’ upande mmoja, na ‘nywele nzuri’ kwa zile za singa upande wa pili, utaona jinsi msichana wa miaka minane anavyohukumiwa kabla hajakalia kiti. Kumbe Kiswahili kina neno lake: ‘nywele za kipilipili’, yaani zilizojiviringa kama punje za pilipili. Ni maelezo ya umbo, hayakukusudiwa kuwa tusi. Wengine wamelifanya tusi. Sioni kwa nini tuwaachie.

Anayetaka kuzinyoosha nywele zake ana uhuru huo, na wasusi wetu ni mafundi wanaokula jasho lao. Ninachodai ni usahihi. Tuseme ‘kuchoma’ au ‘kupiga pasi’ kwa njia za joto, ambazo athari yake huondoka na maji. Tuseme ‘kunyoosha kwa kemikali’ kwa zile zisizorudi nyuma, na tuitaje kemikali yenyewe: haidroksaidi, thioglikoleti au fomaldehidi. ‘Kulainisha’ tuwaachie mafuta na krimu za kuoshea, maana haidroksaidi hailainishi, bali huvunja.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukiambiwa “nikuwekee dawa,” uliza, “Dawa gani?” Mweleze msusi uliyotiwa mara ya mwisho, na lini. Usikune kichwa siku ya kupakwa. Na ukianza kuungua, usikubali kuambiwa “vumilia kidogo, ndiyo inashika.” Maumivu hayo hayaonyeshi kwamba dawa inashika. Ni ngozi inayoliwa. Sema, kwa Kiswahili chochote ulicho nacho, sanifu au cha mtaani: “Osha sasa hivi.”